Kituo na Uwezo wa Njia: Maelezo ya Muundo wa Vituo vya Mabasi na Istilahi Zake

Katika miji mikubwa ya Afrika ya Mashariki hapana malalamiko yasikiwayo mara nyingi kuliko haya, kwamba mabasi hayatoshi. Malalamiko hayo aghalabu ni ya kweli. Lakini ndani yake mna wazo ambalo halijachunguzwa, nalo ni kwamba uwezo wa kuchukua watu umo katika basi lenyewe, na kwamba njia ya mabasi ikielemewa, dawa yake ni kuongeza magari au kuyafanya yaende kasi zaidi. Wataalamu wa usafiri wana jawabu tofauti. Husema kwamba mabasi yakisha kuwa mengi, njia haihukumiwi na mwendo wa magari bali na kusimama kwake, na kwamba kituo kimoja kilichojengwa vibaya chaweza kuipunguza njia nzima. Makala haya yakusudia kueleza jambo hilo kwa Kiswahili, na kuonyesha ni maneno gani ambayo lugha hii inayo tayari kwa kazi hiyo, na ni yapi yanayomficha msemaji asilione jambo lenyewe.

Neno kituo

Asili ya neno kituo ni kitenzi -tua, ambacho maana yake ya kwanza ni kuteremsha mzigo kutoka kichwani au begani. Mpagazi hutua mzigo wake, ndege hutua mtini, na jua nalo hutua jioni. Kwa hiyo kituo ni mahali pa kutulia: msafara ulipofika kituo, mizigo ilitulizwa chini na watu wakapumzika. Kutokana na maana hiyo zimezaliwa nyingine nyingi. Kuna kituo cha polisi, kituo cha afya na kituo cha redio. Walimu wa sarufi wana alama za vituo, na katika ushairi mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, kwa sababu hapo ndipo maana ya ubeti inapotua.

Mwenzake -tua ni -twika, yaani kumpandishia mtu mzigo kichwani. Vitenzi hivi viwili ni jozi, wala kazi ya safari haikamiliki kwa kimoja. Hapa msomaji ataona kwamba neno kituo limechukua nusu moja tu ya kazi. Lataja kutua, halitaji kutwika. Katika kituo cha basi, hata hivyo, kazi zote mbili hufanyika kwa wakati mmoja na mara nyingi katika mlango mmoja: hawa washuka, wale wapanda. Tena kutwika ndiko kunakokula muda mwingi, kwa kuwa anayeshuka hana nauli ya kulipa wala kiti cha kutafuta. Mtu akikiwaza kituo kama mahali pa basi kupumzika, atakiona ni nguzo, kibao na pengine paa la kuzuia jua. Akikiwaza kama mahali pa kutua na kutwika, atakiona ni chombo kinachofanya kazi, chenye kiasi chake na mpaka wake.

Katika usemi wa kila siku neno hili lina wenzake. Wasemaji wa Kenya husema steji, neno lililotoka Kiingereza. Stendi nayo hutumika, hasa kwa mahali pakubwa pa kuanzia na kumalizia safari. Ndani ya daladala abiria hutamka neno moja tu, "Shusha!", na mahali popote pale huwa kituo. Hilo ni jambo la desturi, lakini lina matokeo yake katika hesabu, kama itakavyoonekana.

Muda wa kusimama

Uwezo wa kituo huanza na swali jepesi: kila basi lashikilia mahali pake kwa muda gani? Muda huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni muda wa kusimama, tangu magurudumu yatulie mpaka milango ifungwe. Ya pili yaweza kuitwa muda wa kupisha, yaani muda ambao basi linatumia kuondoka, na basi la nyuma kusogea na kushika nafasi iliyoachwa. Muda wa kupisha haupungui sana, na aghalabu huwa sekunde 10 au zaidi. Muda wa kusimama ndio unaobadilika, na mwenye kuubadilisha ni mjenzi wa kituo pamoja na mpangaji wa nauli.

Mahali ambapo kila abiria hupanda ngazi na kulipa mlangoni kwa fedha taslimu, mtu mmoja huchukua sekunde kama 4. Mahali ambapo nauli imelipwa kabla, jukwaa la kituo liko sawa na sakafu ya basi, na milango ni mipana na zaidi ya mmoja, muda huo hushuka hata kufikia sekunde moja au chini yake kwa kila mtu, kwa sababu watu kadhaa hupita pamoja.

Yafaa kutoa mfano wa hesabu. Tuseme watu 20 wanapanda katika kituo, na kwamba sekunde 10 hupotea katika kufungua, kufunga na kupisha. Katika kituo cha kwanza, cha ngazi na fedha taslimu, basi lashika nafasi kwa sekunde 90. Katika kituo cha pili, cha jukwaa na nauli iliyolipwa kabla, lashika nafasi kwa sekunde 30. Kwa kugawa tu, saa moja yenye sekunde 3,600 ingetosha mabasi 40 katika kituo cha kwanza na mabasi 120 katika cha pili.

Lakini mabasi hayaji kwa kufuatana kama punje za tasbihi. Mengine huja mawili pamoja, kisha pakapita kimya. Kwa sababu hiyo wapangaji wa usafiri hukadiria kwamba nafasi ikishikiliwa zaidi ya asilimia 40 ya muda wote, foleni ya mabasi huanza kujengeka nyuma yake na haitabiriki tena. Kwa kipimo hicho, kituo cha kwanza chaweza kupokea mabasi 16 kwa saa bila taabu, na cha pili mabasi 48.

Sasa na liwekwe katika kituo cha kwanza basi refu la kuchukua watu 140, na katika kituo cha pili basi la kuchukua watu 80. Njia ya kwanza itapitisha watu 2,240 kwa saa. Njia ya pili itapitisha watu 3,840. Basi dogo limelipita basi kubwa, na tofauti yote imetokana na kituo. Katika mfano huu hakuna gari lililoongezewa kasi hata kidogo. Mtungi mpana wenye mdomo mwembamba hujazwa kwa kadiri ya mdomo wake.

Gati na mpangilio wake

Njia nyingine ya kuongeza uwezo ni kuongeza nafasi za mabasi ndani ya kituo kimoja. Kwa nafasi hiyo Kiswahili kina neno lililo tayari pwani, ingawa halijazoeleka barabarani. Katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, mahali ambapo meli moja hufunga ili ipakue na kupakia huitwa gati. Kila mfanyakazi wa bandari ajua kwamba wingi wa meli zilizotia nanga nje si kipimo cha uwezo wa bandari. Kipimo ni gati, na siku ambazo kila meli hukaa gatini. Fikira hiyo ndiyo hasa itakiwayo katika kituo cha basi. Basi lililo katika foleni nyuma ya kituo ni kama meli iliyotia nanga nje: imefika, lakini haijafika. Kwa hiyo katika makala haya gati litatumika kwa maana ya nafasi ya basi moja ndani ya kituo. Tahadhari moja yahitajika, nayo ni kutolichanganya na geti, yaani lango, ambalo pia hupatikana katika vituo vya siku hizi. Irabu moja ndiyo inayotenganisha maneno hayo, na mchapaji asiyeangalia atawapeleka abiria wasikotaka kwenda.

Mtu aweza kudhani kwamba magati mawili hupokea mabasi mara mbili, na matano mara tano. Sivyo. Iwapo magati yamepangwa mstari mmoja, na basi haliwezi kulipita jingine, basi la mbele likichelewa huyazuia yote yaliyo nyuma hata kama yamekwisha kufunga milango. Vilevile basi la kwanza likiondoka, gati lake la mbele hubaki tupu mpaka la nyuma limalize, kwa sababu basi linalokuja haliwezi kuruka. Vitabu vya wahandisi wa usafiri huonyesha kwamba katika mpangilio huo gati la pili huongeza chini ya gati moja kamili, na kwamba magati matano hufanya kazi ya magati kama mawili na nusu tu, au zaidi kidogo. Saruji iliyomwagwa kwa ajili ya gati la nne na la tano karibu yote hupotea.

Hali hubadilika panapojengwa njia ya kupitia, yaani nafasi ya pili pembeni mwa kituo inayoruhusu basi lililomaliza liondoke bila kulingoja la mbele, na basi lisilosimama hapo lipite moja kwa moja. Hapo kituo chaweza kugawanywa katika majukwaa mawili au matatu yaliyoachana kidogo, kila moja na mabasi yake. Kwa hesabu iliyotangulia, majukwaa matatu yenye uwezo wa mabasi 48 kila moja hutoa mabasi 144 kwa saa, na kwa mabasi ya watu 140 njia hupitisha watu 20,160. Barabara ni ile ile na basi ni lile lile. Kilichoongezwa ni mita chache za upana penye kituo tu.

Mahali pa kituo

Umbo la kituo halitoshi bila mahali pake. Katika barabara za kawaida hujengwa ghuba ndogo pembeni, ambamo basi huingia ili lisizuie magari mengine. Mpango huo huonekana ni wa adabu, lakini adabu hiyo hulipwa na abiria wa basi. Gari lililoingia pembeni hapana budi lingoje nafasi ili lirudi barabarani, na katika msongamano wa magari hakuna apishaye kwa hiari. Muda huo wa kungoja ni sehemu ya muda wa kupisha, nao hula uwezo wa gati sawasawa na abiria anayetafuta chenji mfukoni. Kwa sababu hiyo miji kadhaa imefanya kinyume: imeusogeza ukingo wa njia ya waendao kwa miguu mpaka kwenye mstari wa basi, basi likasimama katika njia yake na kuondoka bila kuomba ruhusa.

Taa za makutano ya barabara ni jambo la pili. Kituo kikiwa kabla ya taa na karibu nayo, basi laweza kumaliza kazi yake yote kisha likazuiwa gatini na taa nyekundu. Gati lashikwa na basi lisilopakia wala kushusha. Kituo kikiwa baada ya taa, basi huondoka bila kizuizi hicho, lakini foleni ya mabasi ikirefuka yaweza kurudi nyuma hadi katikati ya makutano na kuyafunga. Hivyo kuna umbali ambao wajenzi hupaswa kuuacha kati ya kituo na makutano, na kuuacha au kutouacha kwaweza kuongeza au kupunguza uwezo wa njia bila basi hata moja kununuliwa.

Mafunzo ya Curitiba na Bogotá

Mji wa Curitiba nchini Brazil ulianza kutenga njia za mabasi mwaka 1974. Njia hizo zilisaidia, lakini abiria waliendelea kupanda ngazi na kulipa ndani. Mwaka 1991 mji huo ulijenga vituo vya umbo la bomba la kioo, vilivyoinuliwa juu ya barabara. Abiria hulipa anapoingia bombani, hungoja ndani, na basi likifika huteremsha vibao vya kuvukia milangoni mwake hadi kwenye sakafu ya kituo. Mwaka uliofuata yaliletwa mabasi marefu yenye maungio mawili. Mfuatano wa mambo hayo wastahili kuangaliwa: kituo kilitangulia, basi kubwa likafuata. Basi lenye maungio mawili lisingekuwa na faida katika kituo cha ngazi na fedha taslimu, kwa kuwa lingekaa gatini mpaka nyuma yake pakajaa.

Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, uliichukua fikira hiyo na kuiongezea njia ya kupitia. Mfumo wake, uitwao TransMilenio, ulianza kazi mwezi wa Desemba mwaka 2000. Vituo vyake viko katikati ya barabara, majukwaa yake yameinuliwa, na vituo vingi vina zaidi ya jukwaa moja. Mabasi mengine husimama kila kituo. Mengine huruka vituo na kuyapita yaliyosimama. Katika sehemu zake zenye watu wengi zaidi mfumo huo umepitisha zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kiasi ambacho kabla ya hapo kilidhaniwa ni cha reli peke yake. Jambo hilo halikuja bila gharama: abiria wa Bogotá wamelalamikia msongamano kwa miaka mingi, maana uwezo mkubwa huvuta watu wengi.

Dar es Salaam

Katika Dar es Salaam, mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi mwaka 1983, na jina la daladala likatokana na dala, yaani sarafu ya shilingi tano, ambayo ndiyo iliyokuwa nauli. Katika mpango wa daladala muda wa kusimama hautokani na muundo wa kituo peke yake. Dereva hupeleka kwa mwenye gari kiasi maalumu kila siku, kiitwacho hesabu, na kilichozidi ndicho riziki yake na kondakta. Akiondoka na viti vitupu, hasara ni yake. Basi husimama hadi lijae, mpigadebe akiita, na gati likashikwa na gari ambalo halipakii mtu bali lamngoja mtu. Hapo hata kituo bora kabisa kingeshindwa, kwa kuwa muda wa kusimama umewekwa na hesabu, haukuwekwa na mlango. Na katika saa za haraka mambo hugeuka: watu hugombea mlango mmoja mwembamba, wenye nguvu wakatangulia, na wazee, wajawazito, walemavu na watoto wa shule wakabaki.

Awamu ya kwanza ya Mabasi Yaendayo Haraka ilianza kutoa huduma mwezi wa Mei mwaka 2016, katika njia ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Vituo vyake vilijengwa katikati ya barabara, vikiwa na majukwaa yaliyoinuliwa kulingana na sakafu ya mabasi, malipo ya nauli kabla ya kupanda, na njia za kupitia penye vituo. Yaani mafunzo ya Curitiba na Bogotá yalitiwa ndani ya saruji tangu mwanzo. Aliye katika kiti cha magurudumu aliweza kuingia garini bila kubebwa, jambo ambalo hapo kabla halikufikirika katika usafiri wa mji huo. Hapa yaonekana kwamba uwezo na heshima ya mtu havigombani, maana kile kile kimpacho mlemavu nafasi ndicho kipunguzacho sekunde.

Hata hivyo foleni hazikwisha. Huduma ilianza kwa mabasi 140, na katika saa za asubuhi na jioni watu walijaa majukwaani. Wengine walihitimu haraka kwamba mfumo wenyewe umeshindwa. Lakini kwa maelezo yaliyotangulia pana haja ya kutofautisha. Kituo huweka dari, yaani kiasi cha juu ambacho njia haiwezi kukipita. Wingi wa mabasi huamua kama dari hilo limefikiwa. Katika njia ya daladala dari lilikuwa chini, na kuongeza magari kulirefusha foleni ya magari. Katika njia ya Kimara dari liliinuliwa, na watu wakabaki majukwaani kwa sababu magari hayakutosha kulifikia. Kwa macho ya abiria anayengoja, hali hizo mbili ni moja: amesimama, na basi hakupanda. Kwa dawa, ni hali mbili zinazopingana. Katika ya kwanza, fedha ya kununua mabasi ni fedha iliyopotea. Katika ya pili, fedha ya kujenga upya vituo ndiyo iliyopotea.

Mwendo na kusimama

Kutoka hapa swali la lugha larudi. Wenyeji wa Dar es Salaam hawakulikubali sana jina refu la Mabasi Yaendayo Haraka katika mazungumzo yao. Walichagua mwendokasi, neno lililoungwa kwa mwendo na kasi, ambalo awali lilikuwa jina la hali na sasa limekuwa jina la chombo. Husemwa "nimepanda mwendokasi" na "mwendokasi imejaa", kwa upatanisho wa ngeli ya gari. Kwa kanuni za uundaji wa maneno ni neno zuri: ni fupi, lina picha, na limekubaliwa bila amri ya mtu. Lakini lasifu mwendo peke yake, na hata jina rasmi lafanya vivyo hivyo. Siri ya mfumo huo kwa sehemu kubwa imo katika kusimama, yaani katika zile sekunde chache za jukwaani. Jina limeutukuza mwendo, na kituo kimesahauliwa.

Jina halihitaji kubadilishwa, wala halitabadilika. Linalohitajika ni istilahi za chini yake, ambazo kwa sasa huchanganywa. Neno uwezo hutumika kwa mambo matatu yaliyo mbali mbali, na pendekezo la kuyatenga laweza kuwa hivi.

La kwanza ni ujazo wa gari, yaani idadi ya watu ambao basi moja laweza kuwachukua. Ujazo wafaa hapa, kwa sababu huzungumzia chombo na kinachoingia ndani yake, wala hauhusiki na saa.

La pili ni uwezo wa kituo, yaani idadi ya mabasi ambayo kituo chaweza kuyahudumia kwa saa moja. Huu hutokana na idadi ya magati, mpangilio wake, muda wa kusimama na muda wa kupisha.

La tatu ni uwezo wa njia, yaani idadi ya watu wanaoweza kupitishwa mahali pamoja, kwa saa moja, kwa upande mmoja. Huu hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa gari kwa uwezo wa kituo. Na kituo kinachohesabiwa si kila kituo, bali kile kilicho dhaifu kuliko vyote katika njia hiyo. Vituo vingine ishirini vikiwa vyema, havitakiokoa kimoja kilichosongwa, maana kila basi halina budi kupita hapo.

Maneno haya hayana ugeni. Yote yamo katika kamusi, na kazi iliyobaki ni kuyapa mipaka. Mtu akiandika katika tangazo au ripoti kwamba "uwezo umeongezwa", mwenye kusoma astahili kuuliza: ni ujazo, ni kituo, au ni njia? Mabasi marefu yakinunuliwa, ujazo umeongezeka. Kama vituo vilivyopo havina magati ya urefu huo, basi uwezo wa kituo umepungua, na uwezo wa njia waweza kubaki pale pale. Sentensi hiyo moja yaweza kuwa kweli kwa neno na uongo kwa abiria.

Yawezekana mtu aseme kwamba jambo hili ni la wahandisi, na kwamba wao wana Kiingereza chao. Lakini maamuzi ya vituo hayafanywi na wahandisi peke yao. Hujadiliwa katika mabaraza ya miji, bungeni, magazetini na katika mikutano ya wakazi ambao nyumba zao ziko kando ya barabara. Mijadala hiyo, kwa upande wa Tanzania hasa, hufanywa kwa Kiswahili. Palipo na neno moja kwa mambo matatu, mwenye sauti kubwa hushinda, na watu huomba mabasi penye haja ya majukwaa, au hupewa majukwaa penye haja ya mabasi. Gharama ya kosa hilo hailipwi na aliyelisema. Hulipwa na mwanamke aondokaye nyumbani kabla ya alfajiri ili awahi kazini, na mtoto wa shule aachwaye kituoni kwa sababu nauli yake ni ndogo.

Lugha iliyojua kutenganisha kutua na kutwika, na kuyapa majina alama za vituo katika maandishi, haina upungufu wa akili ya kulieleza jambo hili. Mwenye kusoma kwa sauti ajua kwamba usomaji mzuri hautokani na haraka ya ulimi, bali na kutua mahali panapofaa kwa muda unaofaa. Hesabu ya kituo cha basi haisemi neno lililo mbali na hilo.